Pikapu ya dizeli inakunywa mafuta? Anzia chini, nozo ziwe za mwisho

Wateja wengi wanaoleta Hilux kwa sababu ya ulaji wa mafuta huja na jibu mkononi: "Fundi, nozo zimekufa." Nozo ndizo zinazopuliza dizeli ndani ya silinda za injini, na kuna siku huwa kweli zimekufa. Mara nyingi zaidi tatizo liko kwenye kitu cha bei ndogo, na nozo nne mpya zingemaliza akiba ya mtu huku gari likiendelea kunywa vilevile. Mpangilio huu nautumia kwa Hilux Vigo zenye injini ya 2KD (2.5) na 1KD (3.0), maana ndizo zimejaa gereji zetu hapa Tanzania. Mwenye pikapu nyingine ya dizeli ya komoni reli (bomba moja la presha kubwa linalolisha nozo zote) anaweza kuufuata pia, vipuri tu ndivyo vitatofautiana.

Hatua ya 1: Pata namba yako

"Linakula sana" si kipimo, na mshale wa geji nao si kipimo. Jaza tenki mpaka juu, rudisha tripu kwenye sifuri, endesha kama siku zote mpaka mafuta yashuke chini ya nusu, kisha rudi sheli ileile, pampu ileile, ujaze tena. Gawanya kilomita ulizotembea kwa lita ulizoingiza mara ya pili. Ukitembea kilomita 412 na tenki likapokea lita 51.5, gari linakupa kilomita 8 kwa lita.

Hapo kwenye kujaza pana mtego. Dizeli hutoa povu. Pampu ikijikata mara ya kwanza, kilichoikata mara nyingi ni povu, tenki bado lina nafasi. Subiri povu lishuke, mwambie kijana wa sheli aongeze polepole, pampu ikijikata tena, subiri tena. Ukijaza kwa haraka leo na kwa subira wiki ijayo, tofauti ya lita kadhaa itaonekana kama ugonjwa wa injini.

Angalia pia saizi ya matairi. Kuna Hilux zilizotoka kiwandani na 205R16, mwenyewe akaweka 265/70R16 ili gari lisimame vizuri. Kipenyo cha tairi hilo ni kikubwa zaidi kwa karibu asilimia 5, kwa hiyo dashibodi inahesabu kilomita 100 wakati umetembea karibu 105. Sehemu ya "ulaji" wako ni hesabu tu. Linganisha na GPS ya simu kwenye safari ndefu.

2KD nzima, kwenye lami, mwendo wa 80 hadi 90, bila mzigo wa kutisha, mimi hutegemea kilomita 10 hadi 12 kwa lita. Kwenye foleni za mjini 8 si kioja. Ukiwa chini ya hapo, endelea na hatua zinazofuata, na pima upya kila unaporekebisha kitu kimoja. Ukibadili vitu vitano kwa siku moja hutajua kipi kilikuponya.

Hatua ya 2: Je, gari linaviringika?

Upepo wa matairi upime asubuhi yakiwa ya baridi, kwa kufuata stika iliyo kwenye fremu ya mlango wa dereva. Pale kijiweni wengi hukisia kwa jicho.

Kisha tafuta breki inayoshika. Endesha kilomita kumi hivi bila kukanyaga breki sana, simama taratibu, halafu sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Rimu moja ikiwa na joto kuliko wenzake, umempata mwizi. Mbele, kalipa (kifaa kinachobana pedi za breki) ya Vigo nyingi ina pistoni nne, na vumbi letu la barabara za vumbi huingia pembeni ya pistoni mpaka moja inagoma kurudi. Pedi ya upande huo utaikuta imeisha kuliko ya pili yake. Nyuma, mshukiwa ni waya wa hendibreki ulioota kutu. Piga jaki, zungusha tairi kwa mkono. Kusugua kidogo kunavumilika, lakini tairi lisilomaliza hata mzunguko mmoja linakula dizeli yako kila siku.

Kama gari lako ni la foo wili lenye habu za kufunga kwa mkono, hakikisha zimerudi kwenye "free". Watu hutoka kwenye tope la masika, wakasahau, na shafti za mbele na difu zikazungushwa bure hadi kiangazi.

Hatua ya 3: Thamostati ipo?

Hili linaniudhi. Gari likichemka, fundi anang'oa thamostati (vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto), anasema "kwa joto letu hii haina kazi". Kuchemka kunapungua, mwenye gari anashukuru, na injini inabaki baridi safari nzima. Injini ya dizeli isiyofikia joto lake hupuliziwa mafuta zaidi, oili inabaki nzito, na msuguano unaongezeka. Endesha dakika kama ishirini barabara kuu. Mshale wa joto ukiwa bado umelala chini, fungua nyumba ya thamostati uone. Ikiwa haipo, rudisha mpya, kisha tafuta sababu halisi ya kuchemka: rejeta iliyoziba, kiunganishi cha feni kilicholegea, au kifuniko cha rejeta kilichochoka.

Hatua ya 4: Hewa

Moshi mweusi ukikanyaga mafuta ni dizeli isiyopata hewa ya kutosha. Toa chujio la hewa, liangalie juani. Usilipulize kwa kompresa kwa presha kubwa, karatasi inatoboka na vumbi linaingia kwenye turbo; likichafuka sana nunua jingine.

Baada ya hapo fuata mipira (mabomba ya raba) ya turbo, kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini. Kama gari lako lina intakula, yaani kipoza hewa ya turbo (2KD nyingine hazina), pitisha vidole chini ya kila maungio. Ukungu mwembamba wa oili ni kawaida, lakini mahali penye oili mbichi iliyonata vumbi ndipo upepo unapovujia. Mpira unaweza kuwa na ufa usioonekana mpaka mtu akanyage mafuta huku mwingine anatazama. Klipu ya elfu chache imewahi kumrudishia mteja wangu nguvu aliyodhani imeondoka na turbo.

Gari likiwa na sensa ya hewa, isafishe kwa dawa yake maalumu, bila kuigusa kwa kitambaa. EGR (vali inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini) na manifoldi (njia ya hewa kuingia kwenye silinda) vikijaa masizi mazito kama lami, vifunguliwe visafishwe.

Hatua ya 5: Dizeli yenyewe

Fungua kikoki kilicho chini ya filta ya dizeli, pampu ya mkono juu yake ibonyezwe, na kinga dizeli kwenye chupa tupu, safi, inayoonyesha ndani. Iache itulie. Maji yatashuka chini na utauona mstari wake. Yakiwepo, badili filta na uhame sheli. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba (alama ya siri ya kutambua mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu ya watu kuchanganya mafuta ya taa kwenye dizeli, na mchanganyiko huo una hasara mbili: nguvu ya kila lita hupungua, na pampu ya presha kubwa, ambayo hulainishwa na dizeli hiyohiyo, husagika.

Hatua ya 6: Mguu na mzigo

Kwa ufupi: ukitoka 80 kwenda 100, upinzani wa hewa unaongezeka kwa asilimia 56. Keria tupu juu ya paa nayo inasukuma hewa hata usipobeba kitu. Na ukiona mshale wa mizunguko unapanda huku mwendo haupandi, hiyo ni klachi inayoteleza.

Hatua ya 7: Sasa nozo

Ukifika hapa na namba bado mbaya, chomeka mashine ya kusomea kompyuta ya gari. Gari liwe na joto, likiwa linanguruma bila kukanyagwa, tazama thamani ya marekebisho ya kila silinda, yaani kiasi cha mafuta ambacho kompyuta inaongeza au kupunguza. Kati ya -3 na +3 ni salama. Silinda moja ikiwa +4 au zaidi wakati nyingine ziko karibu na sifuri, una nozo moja mgonjwa, na hakuna sababu ya kununua nne.

Nozo zikitolewa, washa (pete bapa za kuziba) mpya za shaba chini yake ni lazima. Zilizochoka huvujisha gesi ya mwako, masizi yanaingia kwenye oili na kuziba chujio la pampu ya oili ndani ya sampo (karai la oili chini ya injini). Kama kingo za nozo zimejaa ukoko mweusi, fungua sampo uangalie chujio hilo kabla ya kufunga kazi. Na soma namba ndefu iliyochapwa juu ya kila nozo mpya: lazima iingizwe kwenye kompyuta ya gari, la sivyo itaendelea kupuliza kwa kipimo cha ile ya zamani. Fundi asiye na kifaa cha kuingiza namba hizo asifungue nozo zako.