Kabla hujatafuta kipeuo cha pili kwa mkono, zingatia haya

Penseli iliyochongwa, ufutio, daftari la hesabu lenye miraba. Miraba ya 1 hadi 20 iwe kichwani. Kama 17 mara 17 bado inakusumbua, kariri kwanza.

Kadiria kabla ya kuanza. Kipeuo cha pili cha 30.6 ni ubavu wa mraba wenye eneo la 30.6. 5 mara 5 ni 25, 6 mara 6 ni 36, na 5.5 mara 5.5 ni 30.25. Kwa hiyo jibu limezidi 5.5 kidogo. Liandike hilo juu kabisa ya ukurasa.

Sasa tulia hapa. Tarakimu zigawe mbili mbili kuanzia kwenye nukta: za kushoto ukielekea kushoto, za kulia ukielekea kulia. Kulia kwa nukta ikibaki tarakimu moja, sifuri inakaa nyuma yake. Mimi niliiweka mbele.

Ilikuwa Oktoba, Uyole hapa Mbeya, tunawahi msingi kabla ya mvua. Chumba mita 4.2 kwa 3.6. Fundi ameshika futi, anataka kipimo cha kona kwa kona apigilie vigingi, na simu yangu imezima chaji. 4.2 mara 4.2 ni 17.64, 3.6 mara 3.6 ni 12.96, jumla 30.6; kipeuo cha pili cha jumla hiyo ndicho kipimo cha kona kwa kona. Kwenye kipande cha mfuko wa saruji nikaandika 30, kisha 06. Toa 25 (5 mara 5), baki 5, nikashusha 06 nikapata 506, nikaendelea hadi 5.48. Kamba ikavutwa.

Ilipaswa kuwa 60. Baki 5, shusha 60, ni 560. Tano mara mbili ni 10; tafuta tarakimu ya kuandika baada ya hiyo 10, halafu uzidishe kwa tarakimu hiyo hiyo, iwe kubwa kadiri inavyowezekana bila kuzidi 560. 105 mara 5 ni 525, baki 35. Shusha 00: 3500. 55 mara mbili ni 110, na 1103 mara 3 ni 3309. Jibu 5.53.

Tofauti ni sentimita 5, na kwa macho hakuna aliyeiona. Kuta za tofali za kuchoma zilipanda, bati likapigwa. Aliyegundua ni fundi wa vigae: mstari wa mwisho ulianza na kigae kizima ukaishia umepungua karibu sentimita 7. Kila kigae cha mstari ule kilikatwa mshazari. Kabati la mke wangu mpaka leo halijakaa sawa kwenye kona ile.

Kwa nini mara mbili? Ukiongeza mraba, unaongeza vipande virefu kwenye pande mbili, pamoja na kijimraba cha kona. Ukilishika hilo, hutasahau hatua.

Ukimaliza, hakiki. 5.53 mara 5.53 ni 30.5809, sawa. Au tumia njia inayoitwa ya Wababeli: gawa 30.6 kwa 5.5 upate 5.56, kisha chukua wastani wa hizo mbili.

Na kama ni msingi, pima kona kwa kona zote mbili, zilingane. Kwangu moja ilikuwa 5.48 na nyingine ingesoma 5.58, lakini hatukuipima. Usipige hesabu umesimama huku mafundi wanakungoja. Usiandike kwenye karatasi yenye umande. Kamba ikaze, futi isilegee katikati, na zege lisimwagwe siku hiyo hiyo mtu mwingine hajarudia hesabu yako.