Wahusika wako wakigoma kuongea anzia kwenye salamu

Mi naandika hadithi fupi hapa Mbeya mwaka wa sita sasa, na kitu kilichonitesa kuliko vyote ni mazungumzo. Wahusika wangu walikuwa wanaongea kama wanasoma risala mbele ya mgeni rasmi. Mama muuza parachichi pale Mwanjelwa eti anamwambia mwanae "nimesikitishwa sana na mwenendo wako", jamani nani anaongea hivyo sokoni?

Kilichonitoa ni salamu. Waandishi wengi tunaziruka ili tuwahi kwenye jambo lenyewe, na wengine wanaziandika zote, shikamoo marahaba hamjambo habari za huko, mpaka msomaji kashalala. We chukua salamu moja tu, tena iliyoharibika.

Mfano kijana kauza kipande cha shamba la chai la marehemu baba yake huko Tukuyu, mama hakuambiwa ila kashasikia kwa watu. Zamani ningemfanya mama alie na ataje shamba, ekari na bei. Siku hizi naandika hivi:

— Shikamoo mama.
— Umekula?
— Shikamoo.
— Viazi viko hapo, vimepoa.

Basi. Marahaba haijatoka, na aliyelelewa kwenye nyumba yenye wakubwa anajua hapo kuna moto. Shamba litakuja baadae huko.

Kwa hiyo kabla hujaandika sini yoyote jiulize nani anatakiwa kumwamkia nani, afu uvuruge. Mkubwa akiwahi kumsalimia mdogo kwa uchangamfu sana, ujue kuna hela inataka kukopwa. Mdogo aliyezoea shikamoo akija na "mambo", kuna heshima imevunjika mahali. Au ndugu wa Kinyakyusa wanaulizana "ugonile" wao kwa wao na mkwe aliyeletwa kutoka Dar kakaa katikati hajui aitikie nini, hapo usiweke tafsiri kwenye mabano, acha msomaji naye akae na huyo mkwe.

Masikio yanoe kwenye daladala ya Uyole asubuhi. Usitoe daftari, watu wakiona unaandika wananyamaza au wanadhani umetumwa. Mi nasikiliza tu, usiku naandika kwenye simu nikiwa ndani ya blanketi (Julai hapa vidole vinakataa), na nilichosahau nakiacha kiende.

Ila angalia mazoea ya vidole. Hiyo ya shamba nilikuwa naitoa kwa vipande kwenye grupu la WhatsApp, sehemu ya nne nikajisahau kijana kaamkia na mama akajibu "marahaba" fasta, dada mmoja akaniuliza kwani wamepatana lini? Sikuwa na jibu. Toka siku hiyo nikimaliza hadithi natafuta neno marahaba kwenye faili zima, napita moja moja, na kila ninapolikuta najiuliza huyu kweli alistahili kuitikiwa.