Kurudisha kempavani Perth bila kukatwa dhamana

Nimefanya kazi miaka mitatu kwenye yadi ya kupokea kempavani za kukodi hapa Perth, Australia, yale magari yenye kitanda, jiko na friji ndani. Kazi yangu ni kulizunguka gari na karatasi mkononi huku mteja akinikodolea macho. Wengi wanaotufikia wametoka Adelaide, wamevuka uwanda wa Nullarbor na wamechoka hoi. Pesa wanayokatwa kwenye dhamana, yaani amana waliyoweka walipokodi, karibu yote ingeokolewa kwa kujipanga siku mbili tatu kabla.

Hatua ya 1: Maliza matunda kabla ya mpaka. Unapoingia jimbo la Australia Magharibi, karibu na kijiji cha Eucla, maafisa wa karantini wanakagua gari na kufungua friji. Matunda, mboga mbichi na asali haviendi mbele: wanaogopa nzi wa matunda na magonjwa ya nyuki. Pika na ule ukiwa bado upande wa pili. Mimi mwenyewe, mara ya kwanza, nilibeba chupa ya asali ya zawadi kutoka Adelaide hadi mpakani, ikaishia kwenye pipa lao.

Hatua ya 2: Usiku wa mwisho lala mji wa Northam. Ni chini ya kilomita 100 kutoka Perth. Kutoka Norseman, mji ulio mwisho wa Nullarbor, hadi Perth ni zaidi ya kilomita 700, na anayetaka kuzimaliza kwa siku moja hujikuta gizani na kangaruu. Mikataba mingi ya kukodi haikulipii ukigonga mnyama usiku nje ya mji. Soma wako.

Hatua ya 3: Choo. Hapa ndipo watu hujifanya wamesahau, na hapa ndipo faini huwa kubwa. Tafuta kituo cha kumwagia kwa programu ya WikiCamps. Kibao chake huandikwa "Dump Point". Vaa glavu. Fungua kijilango cha nje ya gari, vuta kaseti, yaani tangi dogo la choo, ibebe ikiwa imelala sawa. Ukifika kwenye shimo, simama upepo ukiwa mgongoni, zungusha mdomo wa kaseti utazame nje, ndipo uinamishe. Kuna kitufe kidogo cha kupitisha hewa: kibonyeze kwa kidole gumba muda wote unapomwaga. Ukikiachia, maji yanatoka kwa kishindo, glop glop, na suruali yako itasimulia. Tia maji lita mbili tatu, funga, tikisa, mwaga tena, mpaka yatoke meupe. Usitumie bomba la maji ya kunywa kusuuzia. Tangi la maji ya sinki nalo limwage hapo hapo kama panaruhusu.

Hatua ya 4: Vumbi jekundu. Mkataba ulikukataza barabara za vumbi, ukapita ufukweni kidogo tu, sivyo? Mimi sitazami bodi. Ninavuta mpira wa mlango wa nyuma kwa kidole na kuchungulia nyuma ya bawaba. Ukiosha, osha huko pia, ila jibu la kweli ni kutopita. Ndani, fagia, futa jiko mafuta, kausha friji. Hatutaki ling'ae, tunataka lisinuke.

Hatua ya 5: Mafuta. Jaza kituo cha karibu na yadi, tunza risiti. Soma kwanza kifuniko cha tangi: nimeona mtu ametia petroli kwenye gari la dizeli zikiwa zimebaki kilomita chache tu.

Hatua ya 6: Piga video. Kioo cha mbele (kishimo cha kokoto ni kidogo sana), pembeni mwa matairi, kilomita kwenye dashibodi, na paa. Paa husahaulika, na matawi ya kambini hayasahau. Linganisha na karatasi ya siku ya kwanza. Usiondoke yadini kabla karatasi ya kurudisha haijasainiwa.

Hatua ya 7: Madeni ya njiani. Perth haina barabara za kulipia, lakini kama ulipita za Sydney, Melbourne au Brisbane, hakuna kibanda cha pesa taslimu. Lipa mtandaoni mapema, la sivyo ada za usumbufu zitakukuta nyumbani.

Chupa tupu na makopo mengi ya vinywaji hurudishwa kwa senti 10 kila kimoja. Na kama ulinunua vitu vya dola 300 au zaidi kwenye duka moja ndani ya siku 60 kabla ya kuondoka, beba vitu, risiti na pasipoti udai urudishiwe kodi ya mauzo uliyolipa, uwanja wa ndege. Mitungi midogo ya gesi usiipakie sandukuni, ndege haiiruhusu.

Mwisho kabisa inua godoro. Chini yake nimeokota chaja nyingi, shanga, na pasipoti mbili. Mwenye mojawapo alikuwa tayari kwenye foleni ya ndege.