SOMO: Kukagua diski ya gemu ya mitumba kabla hujatoa hela, na nusu saa ya kwanza ukifika nayo nyumbani

Wiki hii peke yake nimeulizwa mara sita swali lile lile, "nimepata diski ya PS4 kwa 30,000, nichukue?" alafu picha inayotumwa ni ya kasha, upande wa mbele. Kasha haliniambii kitu jamani. Nipo Busia huku upande wa Uganda, bei zote humu ni shilingi za Uganda, gemu za mitumba nazinunua tangu enzi za PS2 (PS ni PlayStation, mashine za gemu za Sony), nyingine naletewa na basi kutoka Kampala, nyingine zinavuka mpaka kutoka Kenya, na hela niliyopoteza kwa kutojua ingenunua mashine nyingine. Kwa hiyo naandika mara moja, kuanzia leo anayeuliza namtumia hii.

1. Hakikisha diski ni ya mashine yako. Diski ya PS5 haichezi kwenye PS4. Ya PS4 inacheza kwenye PS5 yenye mlango wa diski.

2. Hesabu diski. Baadhi ya gemu kubwa za PS4 zinakuja na mbili, moja ya data ambayo ndio inainstoli, nyingine ya kuchezea. Red Dead Redemption 2 iko hivo, The Last of Us Part II iko hivo, Cyberpunk 2077 iko hivo. Ukiuziwa ya kuchezea peke yake huna gemu. Ukiona bei imeanguka sana kwenye moja ya hizi, fungua kasha kwanza.

3. Soma kodi, yaani zile herufi na namba, ubavuni mwa kasha. Kwa PS2 hii ni lazima, SLES ni ya Ulaya, SLUS ya Marekani, SLPM ya Japani, na mashine ya PS2 inabagua eneo kama haijachipiwa (kuwekewa chipu ya kuondoa kizuizi hicho). PS4 haibagui diski, ila ukitaka kununua nyongeza mtandaoni, akaunti yako iwe ya eneo moja na diski.

4. Geuza diski, na hapa naomba usome taratibu.

Mwaka 2018 tulichanga na mdogo wangu tukanunua diski ya PS4 kwa 60,000, nusu ya hela ilikuwa yake, alikuwa ameuza mahindi. Diski ilikuwa na mikwaruzo miepesi, ilicheza vizuri tu ila kuna sehemu moja ilikuwa inaganda. Sasa mimi enzi za PS2 nilikuwa fundi wa mtaa mzima kwa kupaka dawa ya meno, unapaka, unasugua, unaosha, diski inarudi kusoma, watu walikuwa wananiletea. Nikafanya vile vile. Nikasugua dakika kumi. Nilipoirudisha mashine ikaitema, nikajaribu tena, ikaitema, na haikusoma tena mpaka leo. Dogo hakusema kitu, alienda kulala, na hicho ndio kiliniuma zaidi.

Nilikuja kuelewa baadaye kwamba hizi diski hazifanani hata kama zote ni duara linalong'aa. Kwenye CD data imekaa juu kabisa, chini ya lebo, na upande unaosomwa kuna plastiki ya kama milimita 1.2 inayoikinga. Kwenye DVD, ambayo ndio gemu nyingi za PS2 na zote za Xbox 360 (mashine ya gemu ya Microsoft), data iko katikati, kama milimita 0.6 ndani, kwa hiyo ukisaga plastiki kidogo bado unayo akiba. Lakini PS3, PS4, PS5 na Xbox One zinatumia Blu-ray, na kwenye Blu-ray data iko milimita 0.1 tu kutoka upande unaosomwa, na ile 0.1 imefunikwa ngozi ngumu nyembamba ndio maana haikwaruziki ovyo. Dawa ya meno ina chembe za kusaga. Ukisugua unaondoa ile ngozi ngumu na unaanza kula plastiki ambayo haipo ya kutosha.

Kwa hiyo: USIPAKE dawa ya meno kwenye Blu-ray. Usipake rangi ya viatu, usipake siagi, usipeleke kwa mtu mwenye mashine ya kusaga DVD. Na ukiona diski ya PS4 imepoteza mng'ao, ina ukungu ukungu kama kioo kilichosuguliwa na mchanga, jua kuna mtu alishafanya niliyoyafanya mimi, iache hapo hapo.

Mkwaruzo unaokatiza kutoka katikati kwenda nje hausumbui sana. Unaozunguka kufuata duara ndio mbaya. Ukipitisha ukucha na ukakwama, usinunue. Ufa kwenye tundu la katikati, hata mdogo, usiingize kwenye mashine yako hata kwa kujaribu. Na kwa CD na DVD iinue kwenye mwanga, ukiona vitundu vya mwanga upande wa lebo, pale data imeshatoka.

5. Kusafisha: kitambaa laini cha pamba, maji kidogo, futa kutoka katikati kwenda ukingoni. Usizungushe.

6. Ijaribu pale pale kwa muuzaji, lakini ijaribu sawasawa. Hii nayo ilinila. Nilienda Kampala, karibu kilomita 200, muuzaji akaweka diski kwenye PS4 yake, gemu ikafunguka, nikacheza robo saa, nikalipa nikapanda basi nimefurahi. Nyumbani ikainstoli mpaka asilimia 40 ikasimama. Kumbe kwa muuzaji gemu ilikuwa tayari iko kwenye memori ya mashine. PS4 inanakili gemu ndani, baada ya hapo diski inaangaliwa kidogo tu kuthibitisha unayo. Sisemi alinidanganya makusudi, pengine na yeye hakujua. Mwambie AFUTE gemu kwanza, alafu weka diski uone inainstoli mpaka mwisho. Kama hataki kufuta, tafuta mashine nyingine ambayo haijawahi kuwa na hiyo gemu. Ikisimama mara mbili kwenye asilimia ile ile, huenda ni mkwaruzo.

7. Nusu saa ya kwanza nyumbani. Unachokiona mwanzo ni gemu kama ilivyochapwa kwenye diski, bila apdeti. Watu wengi wanahukumu hapa alafu wanauza. Cyberpunk 2077 ilipotoka Desemba 2020 hali yake kwenye PS4 ilikuwa mbaya kiasi kwamba Sony waliiondoa dukani kwao, ikarudi Juni 2021. Diski zake za mwanzo ndio hizi zinazouzwa rahisi sana sa hivi, na ukiiweka bila intaneti unacheza ile ya mwanzo yenyewe. Kwa hiyo kabla hujasema gemu ni mbovu angalia namba ya toleo: simama juu ya gemu, bonyeza kitufe cha Options, nenda kwenye taarifa. Ukikuta 1.00 hujaiona bado.

Na kuna zile ambazo bila intaneti hazifunguki kabisa. Need for Speed ya 2015 inataka mtandao muda wote. The Crew ya kwanza, seva (kompyuta za kampuni zinazoiendesha mtandaoni) zilizimwa tarehe 31 Machi 2024, na diski zake za PS4 bado zipo sokoni, safi, hazina mkwaruzo hata mmoja, na hazichezeki popote duniani. Usinunue hata kwa 5,000.

Niliyofurahia mwaka huu kwa bei ya chini: Sleeping Dogs, ile ya PS4 ya 2014, nyongeza zote zimo kwenye diski. Iko Hong Kong, magari yanapita kushoto kama kwetu, na nusu saa ya kwanza nilishangaa vile mkono unazoea usukani haraka. Ngumi zake ndio tamu kuliko bunduki. Ilitoka kwanza 2012 baada ya kampuni moja kuiacha njiani na nyingine kuiokota, na ukiicheza unajiuliza walioiacha waliona nini. Sikutumia hata MB moja.

MASWALI

kijana_mbale: Asante kaka. Sasa kwa PS4 nipake dawa ya meno ya aina gani?

Mimi: Hupaki. Rudi hatua ya 4.

fundi_wa_tororo: Mzee usitishe watu, mimi nilipaka kwenye diski ya PS3 na ikafanya kazi, ninayo mpaka leo.

Mimi: Siwezi kubishana na diski ambayo sijaiona. Inawezekana ilikuwa na uchafu tu na ulipoiosha uchafu ukatoka, hata maji matupu yangefanya kazi hiyo. Mimi ya kwangu ilikufa mkononi, na nimeeleza sababu kwa milimita. Anayetaka kujaribu ajaribu kwenye diski yake, sio ya mdogo wake.

dada_gulu: Naomba kuuliza, kwanini mkwaruzo wa kuzunguka ni mbaya kuliko wa kukatiza? Nilidhani mkwaruzo ni mkwaruzo.

Mimi: Swali zuri sana dada. Data kwenye diski imeandikwa kwa mstari mmoja mrefu unaozunguka kutoka katikati kwenda nje, kama mkeka wa ukindu ulioanzwa katikati. Jicho la mashine linafuata huo mstari. Mkwaruzo wa kukatiza unagusa kila mzunguko mahali padogo tu, na diski imeandikwa pamoja na hesabu za ziada zinazoiwezesha mashine kujaza kipande kidogo kilichopotea, kwa hiyo inapita hata hujui. Ila mkwaruzo unaofuata mzunguko unakula kipande kirefu cha mstari ule ule, hesabu zinashindwa, mashine inarudia kusoma, inarudia, mpaka inaganda. Ndio maana pia tunafuta kutoka katikati kwenda nje, ili hata punje ya mchanga ikikwaruza, ikwaruze kwa kukatiza.

dada_gulu: Sasa nimeelewa mpaka kwanini mama alikuwa anagombana na sisi tukifuta CD zake za kwaya kwa kuzungusha!

Mimi: Alikuwa sahihi kabisa. Na CD zake azilinde zaidi upande wa juu, wa lebo, kwa sababu pale ndio data iko karibu.

boss_k: Bei?

Mimi: Bei ya nini? Siuzi.

mwalimu_arua: Habari ndugu. Shemeji yangu ameniletea Xbox 360 kutoka Marekani na gemu nane. Bado sijaiwasha, nasubiri ushauri.

Mimi: Nzuri mwalimu, na umefanya vizuri kusubiri. Geuza lile tofali la umeme, lile boksi zito kwenye waya wake, usome maandishi madogo. Zile za Marekani ni za kama volti 120, umeme wetu ni 240, ukichomeka moja kwa moja unaliunguza. Tafuta tofali la 360 la Uingereza, na plagi yake ndio kama yetu, au transfoma ya kushusha yenye nguvu ya kutosha. Angalia pia tundu la tofali lifanane na mashine yako, maana 360 zilibadilishwa mara kadhaa. Gemu nane zihifadhi na hiyo mashine ya Marekani, baadhi za 360 zinabagua eneo.

mwalimu_arua: Nimesoma, imeandikwa 120V. Mungu akubariki, watoto walikuwa wananisukuma nichomeke.

nakawa_256: apdeti ya 40GB nani ana bando hilo? hii somo ni ya matajiri

Mimi: Bando hilo hata mimi sina. Nimeandika kabisa Sleeping Dogs haikunila MB.

lira_gemu: Naongeza hapo. Mimi natumia hadi-draivu ya nje, PS4 inakubali za USB 3.0 kuanzia 250GB. Naenda nayo kwa binamu yangu mwenye intaneti ya waya, naingia na akaunti yangu kwenye PS4 yake, naweka diski yangu, inainstoli na kuvuta apdeti humo humo kwenye draivu, naichomoa naenda nayo nyumbani. Ila mjue mara ya kwanza PS4 inafuta KILA kitu kwenye draivu, msipeleke yenye picha za harusi.

Mimi: Hii imenifunza, asante. Watu wachukue hii. Na umeme ukiwa unakatika katika, msiinstoli usiku mkiwa mmelala, mimi ilishakatikia katikati nikaanza upya.

kijana_mbale: Kaka nimerudi. Nilienda na diski dukani nikamwambia afute kwanza kama ulivyosema. Akakataa mwanzo, nikakaa tu, akafuta. Imesimama 61. Tumeosha kwa maji, 61 tena. Amenirudishia 35,000 yangu yote.

Mimi: Safi sana. Ana nyingine ya gemu hiyo hiyo?

kijana_mbale: Anayo, ya kasha lililopasuka, anasema hiyo 45,000.

Mimi: Kasha lisikusumbue. Nitumie picha ya upande wa chini, taa iwe ubavuni sio juu yake, tuone mng'ao.

kijana_mbale: Sawa, naenda kesho asubuhi.