Somo: Umbali wa anga Mwanza–Bukoba na muda wa safari, piga hesabu mwenyewe

Swali ni lile lile kila mara: Mwanza hadi Bukoba kwa ndege ni kilomita ngapi, dakika ngapi? Halafu anatokea mtu anajibu kwa umbali wa basi. Barabara inazunguka ziwa kupitia Geita. Ndege inakata juu ya maji. Shika njia hii, itakufaa kwa viwanja vingine pia.

1. Tafuta latitudo na longitudo. Bukoba: kusini 1°20′ (digrii 1, dakika 20; hizi ni dakika za pembe, si za saa), mashariki 31°49′. Mwanza: kusini 2°27′, mashariki 32°56′.

2. Toa. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Digrii moja ina dakika 60, si 100, kwa hiyo 1°20′ SI 1.20, ni 1.33. Ukiingiza 1.20 kwenye kikokotoo, jibu litakuja limenyooka kabisa na litakuwa la uongo. Geuza kila kitu kiwe dakika kwanza. Tofauti ya latitudo hapa ni 1°07′, yaani dakika 67. Ya longitudo nayo ni 67. Na kama kiwanja kimoja kiko kaskazini ya ikweta, latitudo unajumlisha, hutoi!

3. Dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini. Karibu na ikweta, ya longitudo ni karibu hivyo hivyo. Tofauti hizo mbili ni pande za pembetatu mraba, na umbali ni mshazari wake: 67² + 67² = 8,978. Kipeuo cha pili ni kama 95, hizo ni maili za baharini. Maili moja ya baharini ni kilomita 1.852, zidisha: kilomita 175.

4. Gawa kwa mwendo. Cessna Caravan, ndege ndogo ya propela moja, inakwenda kama maili 180 za baharini kwa saa: dakika 32. Ongeza kama robo saa ya kutembea uwanjani, kupanda na kujipanga kutua. Upepo wa mbele wa maili 20 kwa saa unaifanya 32 kuwa 36.

MASWALI

Mdau wa Muleba: Kwa hiyo ni kilomita ngapi?
— Hatua ya 3.

Kaka Mkubwa: Ramani ya simu inanipa zaidi ya mara mbili ya hapo. Hesabu yako ina kasoro.
— Umeweka gari. Rudi juu, nimeeleza mwanzoni kabisa.

Binti Ziwa: Mkuu, nimejaribu Bukoba–Entebbe. Entebbe ni kaskazini 0°03′, mashariki 32°27′. Nimepata 83 na 38, sawa?
— Sawa kabisa, dada. Umejumlisha 1°20′ na 0°03′ kama inavyotakiwa. Na kwenye longitudo, aliyeandika 32.27 kutoa 31.49 angepata 78 badala ya 38. Jibu lako ni maili 91, kilomita 169. Entebbe iko karibu na Bukoba kuliko Mwanza!

Binti Ziwa: Na mbali na ikweta je?
— Zidisha dakika za longitudo kwa kosaini ya latitudo. Songea na Mtwara, kusini digrii 10 na ushei, ni 0.98, hasara ndogo. Oslo, digrii 60, ni nusu nzima.

Msafiri: Ndege kubwa za propela zenye mwendo mara mbili ya Caravan je, zinatumia dakika 16?
— Kwa kugawa tu, ndiyo. Ila safari fupi hivi haikai kwenye mwendo wake kamili. Inapanda, mara inaanza kushuka. Fuata ratiba.

Msafiri: Nikae dirisha gani?
— Ukitoka Mwanza, kushoto utaona kisiwa cha Kome, kulia Ukerewe. Mimi huchagua kulia.