SOMO: Kuingia pabu ya stesheni ya King's Cross bila kuachwa na treni

Wakuu, wengi mkipita London kwenda Leeds, York, Newcastle au Edinburgh mnasubiri treni King's Cross mmekalia mabegi. Ghorofani hapo hapo kuna pabu (baa ya Kiingereza), The Parcel Yard, iliyokuwa ofisi ya vifurushi vya reli. Ilifunguliwa 2012, sambamba na ukumbi mpya wa stesheni.

Hatua ya 1. Soma ubao wa treni kabla ya kupanda ghorofani. Namba ya jukwaa hutoka dakika chache tu kabla ya safari, na milango hufungwa kama dakika 2 kabla ya muda ulioandikwa. Tiketi ikae mfukoni, siyo chini ya begi.

Hatua ya 2. Ukiona watu wamepanga foleni kupiga picha na toroli la Harry Potter lililozama nusu ukutani, umekaribia. Panda juu.

Hatua ya 3. Usikae ukasubiri mhudumu, utakauka. Nenda kaunta. Pale hakuna mstari, ila kila mtu anajua nani kamtangulia. Simama mhudumu akuone, basi. Hakuna "psss", hakuna kupunga noti. Akikugeukia kabla ya zamu yako, mwoneshe aliyekutangulia. Heshima yako itapanda papo hapo.

Hatua ya 4. Agiza. Painti moja ni mililita 568, inaizidi ile chupa yetu ya 500. Mwenye treni achukue nusu painti, na wala si aibu. Ile mikono mirefu ya pampu iliyosimama kaunta ndiyo ya bia ya asili: mhudumu anauvuta mara mbili tatu, bia inapanda kutoka kwenye pipa chini, inaingia kwenye glasi ikiwa na povu jembamba. Gesi yake ni kidogo, na ubaridi ni wa stoo, kama nyuzi 12. Aliyezoea bia ya kutoka kwenye barafu atanuna mwanzoni. Omba uonje kidogo kwanza, hawakatai.

Hatua ya 5. Lipa hapo hapo, kila unapoagiza. Mwenyeji akikununulia, raundi inayofuata ni yako. Hili wanalikumbuka kuliko jina lako.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, mimi situmii pombe. Si watanishangaa?*
Hakuna wa kukushangaa. Kuna chai, kahawa, soda na chakula. Maji ya bomba ni bure ukiomba, kwa mujibu wa sheria.

*Bakshishi je?*
Kaunta hawaitegemei. Chukua chenji yako.

*Mdogo wangu ana miaka 22, atauziwa?*
Sheria ni kuanzia 18, lakini anayeonekana chini ya 25 huulizwa kitambulisho. Abebe pasipoti.

*Treni ikiitwa glasi haijaisha?*
Iache, dada. Glasi ni mali ya pabu, na tiketi nyingi za bei nafuu ni za treni hiyo hiyo tu.

*Naenda Sheffield, nayo naipandia hapo?*
Hapana mkuu, vuka barabara uende St Pancras. Ila ukishuka Sheffield, pale pale jukwaa la 1 kuna Sheffield Tap, ukumbi wa zamani wa vinywaji vya abiria uliokarabatiwa, na vigae vyake ukutani. Hapo treni umeshashuka, chukua painti nzima.