Somo: Kuchapa picha kwa negativi ya inchi 8 kwa 10, njia ya Edward Weston

Wengi mkisikia chumba cha giza mnawaza mashine ya kukuzia picha, na hapo ndipo mnapokata tamaa, maana haipatikani, na ikipatikana bei yake haishikiki. Weston hakuihitaji. Mpiga picha huyu Mmarekani alipiga ile picha maarufu ya pilipili hoho, Namba 30, mwaka 1930, kwa negativi (filamu ambayo weusi na weupe wa picha umegeuzwa) ya inchi 8 kwa 10, na picha akaichapa kwa ukubwa uleule. Karatasi ya picha chini, negativi juu yake, kioo kikandamize, balbu tupu ining'inie darini.

Hatua ya 1. Jua upande wa dawa, yaani ule uliopakwa tabaka linaloshika mwanga. Upande unaong'aa sio. Ule uliofifia ndio. Karatasi ilale dawa ikitazama juu, negativi dawa ikitazama chini, zigusane. Ukigeuza, kushoto kwa picha kutakuwa kulia na ukali wake utapungua. Pitisha brashi laini kwanza: kila punje ya vumbi huacha doa jeupe.

Hatua ya 2. Kipande cha majaribio. Chini ya taa nyekundu, kata ukanda wa karatasi, uweke chini ya negativi, ufunike kwa kadibodi. Washa balbu sekunde 3, sogeza kadibodi kidogo, washa tena, hadi mwisho. Weston alitumia karatasi za kloridi, ambazo ni nzito kushika mwanga. Karatasi nyingi za leo zina kasi mno, kwa hiyo tafuta balbu ya wati chache na uiweke juu, mita moja au zaidi, la sivyo karatasi itakuwa nyeusi tii kabla hujahesabu mbili.

Hatua ya 3. Dawa. Devalopa, dawa ya kuitoa picha, dakika 2, kwenye nyuzijoto 20. Kwa joto la Dar au Mombasa, weka trei ndani ya beseni la maji ya barafu. Picha ikiiva haraka usiiopoe mapema. Weusi utatoka wa kijivu wenye mabaka. Iache imalize muda wake, kisha punguza mwanga kwenye picha inayofuata. Baada ya hapo asidi asetiki hafifu nusu dakika ili kuisimamisha devalopa, fiksa ili picha isiendelee kushika mwanga, halafu maji. Karatasi ya nyuzi (isiyopakwa plastiki) ioshwe saa nzima. Ile iliyopakwa plastiki dakika chache tu zinatosha. Na vaeni glavu. Weston alitumia amidoli, devalopa iliyomwachia kucha nyeusi.

Hatua ya 4. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Picha mbichi ni tapeli. Ikiwa ndani ya maji inang'aa na vivuli vimefunguka. Ikikauka, hasa ya karatasi ya nyuzi, inazama na kuwa nyeusi zaidi. Kausha kile kipande cha majaribio kabisa, kwa feni au kikausha nywele, ndipo uamue sekunde. Kama picha mbichi imekupendeza sana, punguza mwanga kati ya asilimia 5 na 10.

Hatua ya 5. Zuia na ongeza. Balbu ikiwa inawaka, pitisha kiganja juu ya sehemu inayotaka kuwa nyeupe zaidi, au funika kwingine kote uongezee sehemu iliyopauka. Mkono usitulie hata kidogo, ukitulia utaacha alama. Mimi naona hatua hii ndiyo inayotofautisha fundi na mfuata maelekezo.

MASWALI

Mkuu, asidi asetiki sina. Siki ya dukani je?
Inafaa, mradi iwe nyeupe isiyo na rangi. Sehemu moja ya siki kwa maji sehemu mbili au tatu. Harufu utaizoea.

Nimesikia picha nyingi za Weston zilichapwa na wanawe. Je, bado ni zake?
Alipougua Parkinson na mikono kumshinda, mwanawe Brett alichapa seti nane kutoka negativi zaidi ya 800, baba akisimamia. Edward alifariki Januari 1958, na mwanawe Cole akaendelea kuchapa kwa idhini aliyoachiwa. Wanunuzi hutofautisha: aliyochapa Edward mwenyewe ina bei nyingine kabisa. Kwangu zote ni zake, ila jina la mchapaji lazima liandikwe. Cha ajabu, Brett huyohuyo alizichoma negativi zake mwaka 1991, siku alipotimiza miaka 80, asije mtu mwingine akazichapa.

Mwalimu, babu alikuwa na studio, ametuachia negativi za vioo. Njia hii inafaa?
Inafaa sana, shikamoo ya babu ifike. Ila usikandamize kwa fremu ya springi, vinaweza kupasuka. Kioo chenyewe ni kizito, kinatosha kuilaza karatasi juu ya meza bapa. Kama dawa imeanza kubanduka pembeni, usikiguse kwa brashi wala maji. Kipige picha kwanza kwa simu juu ya dirisha lenye mwanga, upate nakala, kisha ndiyo ufikirie kuchapa.